Kishikwambi Kisicho na Mwenyewe

Neno kishikwambi wengi wetu tulilizoea mwaka 2022. Tarehe 23 Agosti mwaka ule ilianza Sensa ya Watu na Makazi, na makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vyombo vile vigawiwe walimu. Tangu hapo, huku kwetu Dodoma na uwanda wote wa kati, si ajabu kukuta kishikwambi nyumbani kwa mwalimu wa kijijini. Vingine hununuliwa dukani, na vingine huletwa na kijana aliyeko Dar es Salaam kuwa zawadi kwa wazazi.

Tumeona vema mwezi huu tuzungumzie afya ya nyumba iliyopata chombo hiki. Hatutazungumzia kazi za ofisini wala za darasani. Tunazungumzia kishikwambi kama chombo cha pili, yaani nyumba tayari inayo simu ya baba au ya mama, na hiki kimeongezeka juu yake.

Hapo ndipo penye jambo. Simu ina mwenyewe. Hukaa mfukoni mwa baba au kwenye mkoba wa mama, ikilia hupokewa, na mtoto akiishika huambiwa airudishe. Kishikwambi ni kikubwa, hakiingii mfukoni. Baba akienda kazini hakiendi naye, mama akienda shambani hakiendi naye. Hubaki juu ya kabati au kwenye kochi. Je, anayebaki nacho ni nani? Ni mtoto, pamoja na dada anayemlea. Hivyo chombo kisicho na mwenyewe huwa cha mtoto, wala hakuna mtu aliyekaa akaamua kiwe hivyo. Karibu yote tutakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

MTOTO MDOGO

Tuanze na wadogo kabisa, maana hao ndio wanaoweza kupoteza mengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha aina yoyote, iwe televisheni, simu au kishikwambi. Mwenye mwaka mmoja pia haifai. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Akina mama wengine hushangaa wakisikia hivyo. Husema, "Mbona anatulia, tena anajifunza nyimbo na rangi?" Ni kweli anatulia. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa na kujibiwa. Akisema "ba", mama hugeuka akamwambia, "Unamtaka baba? Baba kaenda kazini." Mtoto hutazama mdomo wa mama, hungoja, kisha hujaribu tena. Kioo hakingoji wala hakijibu. Kitaendelea kuimba hata kama mtoto anacheka, analia au amesinzia. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 2 hupata kidogo sana kutoka kwenye picha hizo, hata zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Tena saa anazokaa nazo ni saa ambazo hakutambaa, hakushika udongo, na hakusemeshwa na mtu.

Tunajua hali ya nyumbani. Ugali uko jikoni, maji hayajatekwa, mtoto analia na hakuna wa kumpokea. Hatumlaumu mama wala dada. Ila tunasema kwamba mtoto aliyepewa sufuria tupu na mwiko akakalishwa mkekani karibu na mama, mbali na moto, naye hushughulika. Atapiga kelele, hilo tunakubali. Na mama akiwa anasonga ugali anaweza kumsemesha huku mikono inafanya kazi.

Hapa tunaomba wazazi wawe waangalifu sana. Mtoto akichelewa kusema, msikae mkisema tu, "Ni kile kishikwambi, tumekiondoa, atasema." Mtoto wa miezi 18 ambaye hana neno hata moja, au wa miaka 2 ambaye hawezi kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo", aletwe kliniki. Aletwe pia yule asiyegeuka akiitwa jina lake. Huenda hasikii vizuri, hasa kama masikio yake yamekuwa yakitoa usaha mara kwa mara, na hilo halitaponywa kwa kumnyang'anya kishikwambi. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha. Huyo msimngojee hata mwezi.

Neno moja juu ya kula. Mtoto anayelishwa akiwa ameduwaa mbele ya picha hafungui mdomo kwa sababu ana njaa, wala haufungi kwa sababu ameshiba. Wakati wa chakula kishikwambi kikae mbali na mkeka au meza, na hapo tunawahesabu hata akina baba na taarifa zao za mpira.

MACHO

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: je, mwanga wa kile kioo unaharibu macho? Mjini kuna wanaouza miwani ya kukinga "mwanga wa bluu", na wazazi hutoa fedha ambayo ingenunua mboga ya wiki nzima. Mwanga utokao kwenye kishikwambi haujaonekana kuharibu jicho. Mwanga wa jua la saa sita mchana ni mkali kuliko huo mara nyingi sana. Miwani hiyo si ya lazima.

Kinachochosha jicho ni kukodoa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara kope hupaka machozi juu ya jicho. Akikodolea kioo, kupepesa hupungua hata kufikia nusu au chini ya hapo. Jicho hukauka, huwasha, huwa jekundu, na kuona hufifia kidogo. Ongeza upepo na vumbi letu la kuanzia Julai hadi Oktoba, mtaelewa kwa nini mtu hufikicha macho jioni. Dawa yake ni kupumzika. Kila baada ya dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mbali, mlima au mti wa jirani, kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 20, huku ukipepesa. Chombo kikae umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Ukubwa wake husaidia hapo, kwa kuwa si lazima kukisogeza puani kama simu ndogo.

Kwa watoto wa shule kuna jambo zito zaidi, nalo ni ugonjwa wa kutoona mbali. Mtoto husoma daftari lake vizuri, lakini ubao haoni. Ugonjwa huu unaongezeka katika nchi nyingi, hasa miji ya Asia Mashariki, na watafiti wanaona kwamba kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu na kukosa kukaa nje vinachangia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Guangzhou, nchini China. Watoto wa darasa la kwanza katika shule fulani waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, kwa miaka 3. Kati ya kila watoto 100 walioongezewa, 30 walipata ugonjwa huo. Kwa wale ambao hawakuongezewa, walikuwa kama 40. Hakuna dawa waliyopewa, ni kutoka nje tu.

Watoto wetu wana nafasi ya nje ambayo watoto wa miji ile hawana. Kuchunga mbuzi, kuchota maji, kucheza mpira wa makaratasi, yote hayo hulitunza jicho. Itakuwa jambo la kusikitisha tukiwaingiza ndani wenyewe. Mtoto akianza kukisogelea kioo sana, au akikunja macho kutazama mbali, au mwalimu akisema kwamba hunakili kwa jirani yake, apimwe macho. Anayekisogelea kioo huenda anafanya hivyo kwa sababu tayari haoni vizuri.

Tuseme pia juu ya macho mekundu yenye matongo. Siku hizi tunasikia, "Sista, ni kishikwambi." La, hapana. Kioo hakitoi usaha machoni. Katika mkoa wetu ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope, umewatia upofu wazee wengi, nao huenezwa kwa nzi, mikono na vitambaa vya kufutia uso. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilikaa safi walipungukiwa na vikope vikali. Basi uso uoshwe kila asubuhi na jioni, hata kwa maji ya kopo moja. Na kwa kuwa kishikwambi hushikwa na mikono ya watoto wote wa nyumba na wa jirani, kizimwe kisha kipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Msitumie Jik wala sabuni ya unga.

Kuna faida moja ambayo tungependa kila mzazi aijue. Vishikwambi vingi hupiga picha, na vingine vina taa ya kupigia picha. Mboni ya jicho katika picha kama hiyo huonekana nyeusi au nyekundu. Ikiwa jicho moja la mtoto linaonekana jeupe au la manjano kama jicho la paka usiku, tena na tena, katika picha zaidi ya moja, mleteni hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingine ni namna mwanga ulivyopiga tu. Lakini huweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema mtoto huokolewa, na mara nyingine hata jicho huokolewa. Ikichelewa huua. Mtoto haumwi chochote mwanzoni, anacheza na kula, ndiyo maana wazazi hungoja. Msingoje, wala msitie dawa ya matone wala ya miti shamba. Makengeza yanayoanza ghafla nayo yaonwe upesi.

USINGIZI

Mtoto wa miaka 3 au 4 huhitaji kulala kati ya saa 10 na 13 kwa siku, wa shule ya msingi saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule, akiwa alilala saa 5 usiku, amelala saa 6 tu. Mwalimu ataona mtoto mzito. Sisi tutaletewa mtoto mwenye kichwa kinachouma, na wazazi watataka apimwe malaria. Malaria ipimwe, ni sawa, lakini tutauliza pia alilala saa ngapi.

Mwanga karibu na uso huchelewesha mwili kutoa kile kichocheo cha usingizi. Na zaidi ya mwanga, mchezo wenyewe umetengenezwa usiwe na mwisho. Hadithi ya bibi ina mwisho, na hata redio zamani ilikuwa ikifunga matangazo. Kishikwambi huleta picha nyingine kabla hujasema basi. Kwa hiyo saa moja kabla ya kulala kiwekwe mahali pake, na mahali hapo pasiwe chumba cha watoto. Sheria hii iwe ya nyumba nzima. Kijana haelewi kwa nini akatazwe wakati baba yuko sebuleni na simu hadi saa 6.

SHINGO NA MGONGO

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Kikiinamishwa mbele, shingo hubeba kama mtu anayeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Mwaka 2014 daktari mpasuaji mmoja wa New York alikokotoa kwamba kichwa kikiinamishwa sana mzigo hufikia kama kilo 27. Hizo ni hesabu, hakupima watu, nasi hatuzitumii kuwatisha wagonjwa. Inatosha kukiegemeza kishikwambi juu ya kigoda au vitabu kadhaa, kikae karibu na usawa wa macho, na mtu asimame kila nusu saa. Kukilalia tumbo mkekani kwa saa mbili ndiko kunakoleta maumivu ya shingo kwa vijana.

BETRI NA JOTO

Betri ya kishikwambi ni ya lithiamu, na ni kubwa kuliko ya simu. Inachukia joto. Watengenezaji wengi hutaka chombo kitumike mahali pasipozidi nyuzi joto 35. Chini ya bati letu, mchana wa Oktoba au Novemba, panaweza kuzidi hapo. Msikiache dirishani wala ndani ya gari, wala juu ya bati pamoja na paneli ya sola, kama tulivyoona wengine wakifanya ili waya ufike.

Wakati wa kuchaji kiwekwe mezani au sakafuni, pasipo kitambaa. Kisichajiwe chini ya mto, wala juu ya godoro, wala kitandani na mtoto amelala, kwa sababu joto halina pa kutokea na godoro la sponji hushika moto upesi. Chaja iwe inayolingana na chombo. Waya uliochunika usifungwe kwa nailoni, utupwe. Mtoto anayetambaa huutia mdomoni, kwa hiyo ukitoa kishikwambi, toa na chaja kwenye soketi.

Mkiona mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimebenuka, betri imevimba. Kizimwe, kisichajiwe tena, kisibonyezwe wala kutobolewa, kipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi. Na mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta, unga na udongo visipakwe. Tunaviosha vitu hivyo juu ya vidonda kila mwaka, na mtoto huumia mara mbili.

NANI AKITUNZE

Turudi kwenye jambo la mwanzo. Nyumba iketi na kuchagua mtunzaji. Si lazima awe baba. Mara nyingi tunaona mama anafaa, au shangazi anayekaa nyumbani. Mtunzaji ndiye anayejua namba ya siri, ndiye anayekitoa na kukirudisha, na kwake ndipo watoto huombea. Pawe na mahali pamoja pa kukiweka, juu, penye kivuli. Kitumike sebuleni au barazani ambapo mtu mzima anapita, kisiingie chumbani na mlango ukafungwa.

Hilo la mlango si dogo. Chombo cha pili mara nyingi huwekwa bando bila mtu kufuatilia, na mtoto wa miaka 10 huweza kufika mahali ambapo mzazi hajawahi kufika. Kuna watu wazima wanaojifanya watoto ili wapate picha. Mtoto akionyesha hofu, akificha kioo kila mtu anapoingia, au akiwa na zawadi isiyojulikana ilikotoka, aulizwe kwa upole, asipigwe. Akipigwa hatasema tena. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mzazi pia.

Kama kishikwambi ni kile cha mwalimu, basi kina mwenyewe tayari, nacho ni cha kazi. Watoto wa mwalimu wasikichezee.

BIBI NA BABU

Tusiwasahau wazee, maana wao hufaidika nacho kuliko wengi. Baada ya miaka 40 jicho huanza kushindwa kusoma maandishi ya karibu, na huo ni uzee wa kawaida wa jicho. Kwenye kishikwambi herufi zinakuzwa kwa vidole viwili, na bibi aliyeacha kusoma kwa miaka mingi anasoma tena. Anamwona mjukuu aliyeko mbali, na uso unaonekana mzima kuliko kwenye simu. Mjukuu akikaa naye dakika 30 akimwonyesha namna ya kufungua, hizo tunazihesabu kuwa dakika njema.

Lakini kukuza herufi kunaweza kuficha ugonjwa. Mzee hukuza leo, mwezi ujao hukuza tena, na nyumba nzima hudhani mambo ni mazuri kwa sababu anasoma. Kila baada ya miezi michache mfanyieni jambo hili: afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome, kisha abadilishe. Jicho moja likiwa na ukungu, au likiona katikati tu huku pembeni ni giza, apelekwe kliniki ya macho. Ukungu huenda ni mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji na mzee akaona tena. Giza la pembeni huenda ni presha ya jicho. Kilichokwisha kupotea kwa ugonjwa huo hakirudi, ila kilichobaki hulindwa kwa dawa au upasuaji, na kwa sababu hiyo huyu wa pili asisubiri mpaka mavuno yaishe.